Miguu ya Washabiki wa Binza

Hakuna jukwaa, hakuna tiketi, hakuna meza ya majaji. Makundi mawili ya ngoma yanaanza kwa wakati mmoja, moja huku na jingine kule, na watazamaji wanasimama katikati wakigeuza shingo. Wakisikia kule kumenoga, wanahamia kule. Wakichoka, wanarudi. Jua likikaribia kuzama, kundi lenye watu wengi ndilo lililoshinda, na hahitajiki mtu wa kutangaza matokeo kwa sababu kila mwenye macho ameyaona. Hiyo ndiyo sheria ya mbina za Usukumani. Nimefuata muziki wa jukwaani tangu utotoni, na sijaona sheria kali kuliko hiyo.

Nimeifuata hadi Binza, kata mojawapo ya wilaya ya Maswa. Nililala Bariadi, makao makuu ya Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Usiku kucha baa zilizo jirani na nyumba ya wageni zilipiga nyimbo za Kisukuma kwenye sabufa, Bhudagala akipokezana na Nelemi Mbasando, na mlinzi wa nyumba alikuwa anaitikia kiitikio kila kinapokuja, hata wimbo wa nyumba ya tatu. Asubuhi nikapanda Noah kwenda Maswa kwa barabara ile ya lami inayotoka Mwigumbi, ikapita Maswa na Bariadi, ikaenda kutokea Lamadi karibu na ziwa.

Pamba ilikuwa imeshavunwa. Kando ya barabara vishungi vyeupe vimenasa kwenye miiba na kwenye majani makavu, vimedondoka kutoka kwenye malori yanayopeleka mzigo viwandani. Simiyu ndiko kwenye pamba nyingi kuliko mikoa mingine ya nchi hii, na kalenda ya ngoma inakwenda na kalenda ya shamba: mvua ni ya kulima, kiangazi ni cha kucheza. Kuanzia Juni watu wana chakula ndani na senti mfukoni, na hapo ndipo makundi yanapoanza kutumiana salamu za kuchokozana.

Kabla ya kuingia uwanjani niseme nimetokea wapi kimuziki. Nimekulia Mwanza, Kirumba, katika nyumba yenye redio moja ya mbao ambayo baba pekee ndiye aliyekuwa akiigusa. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa ikirekodi bendi, na ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikizipiga. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi iliyotaka santuri ilikwenda Nairobi. Kwa hiyo wimbo ukikukaa rohoni ulikuwa na njia mbili, kuusubiri redioni au kuifuata bendi yenyewe ilipo. Mimi nilikuwa wa kuifuata. Nilipohamia Dar es Salaam nikawa mtu wa Sikinde. Mlimani Park, ndiyo Sikinde yenyewe, ilizaliwa mwaka 1978, na wapinzani wake wa Msondo wanahesabu ukoo wao tangu NUTA Jazz ya mwaka 1964. Kuna watu walioana wakiwa upande huu na upande ule, na ndugu wakauliza kama wamefikiria vizuri. Nilikuwa nasimama mbele kabisa, chini ya wapiga gitaa, nikitazama vidole.

Baadaye nikawa miongoni mwa wanaovuka maji kila Februari kwenda Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004 pale Ngome Kongwe, Unguja. Baadaye tena singeli ikanivuta Mburahati, kwenye mtaa wenye studio ya Sisso, ambako vijana walikuwa wakitengeneza midundo ya kasi ambayo redio nyingi wakati huo hazikuitaka. Mwaka 2017 lebo ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes ikatoa albamu ya kazi zao, na baadhi yao wakaanza kuitwa Ulaya huku majirani zao wakiwa hawana habari. Nilifurahi kwa machozi. Nilikuwa nimeona jambo kama hilo kwa Remmy Ongala na Super Matimila, ambao albamu yao ya mwaka 1989 ilitolewa Uingereza na lebo ya Real World.

Muziki ninaoupenda, basi, ni ule unaojisimamia wenyewe, usiongoja kampuni wala mfadhili wala mtangazaji. Nimeutafuta mijini miaka mingi, na ndio ulionirudisha vijijini kwetu. Maana Usukumani mambo haya yana zaidi ya karne. Kundi linajiunda, linajishonea nguo, linajichangia ng'ombe wa kuchinja, linamtafuta manju wake, linakwenda kushindana kijiji cha jirani kwa miguu au kwa baiskeli. Likikosa watu, linakufa.

Binza nilifika saa sita, juu ya bodaboda. Uwanja ni mpana, wa kichanga, una miarobaini upande mmoja, na chini ya miarobaini hiyo baiskeli zimeegeshwa kwa mamia, nyingine zina redio ndogo imefungwa kwenye usukani kwa mpira wa tairi. Akina mama wanauza karanga, miwa na matobolwa. Mtu akipita anasalimia kila anayemkuta, na kila salamu inajibiwa, kwa hiyo kuvuka uwanja kunachukua muda.

Nilikwenda moja kwa moja kwa wanaopasha ngoma. Vijana watatu walikuwa wamewasha moto wa mabua ya mtama, moto mwepesi wa kupanda haraka na kushuka haraka, na wameilaza ngoma kubwa ubavu ili ngozi iutazame. Pembeni mwa ngozi bado kuna manyoya ya ng'ombe, nayo yalikuwa yanajikunja na kutoa harufu. Mmoja wao, mwembamba, mwenye kofia ya sufu jua lote lile, ndiye mwenye sikio. Anaigonga ngoma kwa ncha ya kidole karibu na ukingo, anainama, anasikiliza, anaizungusha kidogo, anagonga tena. Wenzake hawasemi. Akiona bado anatikisa kichwa, na mwingine anaongeza mabua. Ngozi ikilegea sauti inazama. Ikikauka kupita kiasi inaweza kuchanika katikati ya wimbo, na hapo siku imeharibika. Nimewahi kusimama nyuma ya mafundi mitambo wa matamasha makubwa wakihangaika na spika za mamilioni, na sikuona umakini uliozidi ule wa kijana wa kofia ya sufu. Alipotosheka akaipiga mara moja kwa kiganja. Watu waliokuwa wakinunua karanga wakageuka.

Kundi hilo lilikuwa la bugobogobo, ngoma ya majembe. Asili yake ni shambani: vijana wanalima shamba la mtu kwa safu, ngoma ikiwa mbele yao, jembe likishuka na pigo. Siku hizi inachezwa zaidi uwanjani, lakini majembe waliyoshika Binza yalikuwa ya kulimia kweli, ubapa umesuguliwa na udongo hadi unang'aa. Safu inaingia kwa kuinama, miguu inakanyaga vumbi kwa pamoja, njuga zinaitikia, kisha kila mmoja analirusha jembe juu, linazunguka hewani, analidaka kwenye mpini bila mguu kukosa pigo. Ukiwa karibu unasikia upepo wa jembe linapopita. Ukiwa karibu zaidi unarudi nyuma mwenyewe.

Upande wa pili walikuwa bayeye, wacheza nyoka. Hao walianza polepole, kwa kuimba tu, gunia lao likiwa chini limefungwa kamba. Gunia hilo lilikuwa na kazi yake. Watu walikuwa wanalitazama hata walipokuwa wakitazama kwingine.

Mzee mmoja mwenye fimbo na katambuga miguuni alisogea karibu yangu.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba."

"Wewe wa upande gani?"

"Mimi mgeni, baba. Nasikiliza kwanza."

"Hapa hakuna kusikiliza kwanza," akasema. "Ukisimama hapa umeshahesabiwa."

Na kweli nilikuwa nimesimama upande wa majembe. Kwa mzee yule, pande hizo mbili zina majina ambayo mtu anazaliwa nayo: Bagika na Bagalu. Simulizi inayohifadhiwa kwenye Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, inasema kwamba katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walibishana ni nani mwenye dawa yenye nguvu. Wakaumaliza ubishi kwa kucheza: mwenye dawa kali ndiye atakayevuta watu. Wafuasi wa kila mmoja wakawa jamii ya wachezaji, na mgawanyiko ule unaishi hadi leo. Dawa ya kuvuta watu bado ipo, na kundi zito haliendi uwanjani bila kuaguliwa. Mzee alinieleza hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenieleza habari za mbolea. Nilimsikiliza kwa heshima, kwa sababu nimeona wanamuziki wa mjini wakikataa kupanda jukwaani hadi waombewe, na kwa sababu maandalizi ya dawa yanalilazimisha kundi kukaa pamoja siku kadhaa, kufunga mambo kadhaa, na kufika likiwa na moyo mmoja.

Nilimwambia habari za Sikinde na Msondo. Alizijua zote mbili. Nikamwambia na habari za vikundi vya TOT ya Kapteni John Komba na Muungano ya Norbert Chenga, walivyokuwa wakigombea waimbaji na mashabiki miaka ya tisini. Akacheka. Watafiti wameuona ushindani huo pia: mwaka 2000 Mkuki na Nyota walichapa kitabu kizima kuhusu mashindano ya muziki Afrika Mashariki, mmoja wa wahariri wake akiwa Frank Gunderson, Mmarekani aliyekaa muda mrefu Usukumani. Kutoka beni za pwani hadi taarabu za Unguja, watu wetu wamependa kuupima muziki kwa kuuwekea mwenzake mbele. Ila mijini mashabiki wa pande mbili wanalipa viingilio kwenye kumbi mbili tofauti, kila mmoja anarudi nyumbani akisema wao ndio waliojaza. Binza kiwanja ni kimoja.

Kwenye saa tisa gunia likafunguliwa.

Chatu alitoka mrefu, mzito, rangi ya udongo wa mfinyanzi, na mchezaji akamzungusha shingoni huku anapiga magoti na kuinuka. Watu walikimbia. Walikimbia kwenda kwake, si kumkimbia. Watoto wakapita chini ya mikono yetu, mama aliyekuwa akimenya muwa akaenda nao na kisu chake, na vumbi likainuka kati ya makundi mawili hata sikuona safu ya majembe. Upande wetu tukabaki wachache. Wakati huo huo kijana mmoja wa pembeni akalikosa jembe lake, likaanguka ubavu, na waliokuwa wanasitasita wakaondoka.

Nimeshuhudia bendi zikipoteza ukumbi. Kawaida yao ni kuongeza sauti. Manju wa bugobogobo, mtu wa makamo mwenye shati jeupe lililolowa jasho, alifanya kinyume chake. Aliinua mkono, ngoma zikanyamaza zote, safu ikasimama majembe yakiwa begani. Akaanza kuimba peke yake, chini chini, bila haraka, akitembea mbele ya wachache tuliosalia na kututazama mmoja mmoja. Kisukuma changu kinatosha kufuata habari: ilikuwa ya mtu aliyeuza pamba yake, akaenda mgodini kutafuta zaidi, na mke aliyebaki akihesabu misimu. Akataja vijiji ambavyo watu wa pale wana ndugu. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshafika nusu ya njia kuelekea kwa nyoka alisimama. Akageuka. Manju akamwona, na ubeti uliofuata akauimba akimtazama yeye. Kisha wakarudi wawili, wakarudi kundi la akina mama, na vijana wakafuata kuona akina mama wamefuata nini. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio manju akashusha mkono na ngoma kubwa ikaingia, ile iliyopashwa kwa mabua, na majembe yote yakapanda juu kwa mara moja.

Mwili wangu ulisisimka. Jambo hilo sikuwahi kulipata nikiwa nimelipia tiketi ya mbele, kwa sababu kwa tiketi mwanamuziki ameshakupata. Akiimba vibaya utanung'unika lakini fedha yako imekwenda. Pale Binza kila ubeti unakuomba upya, na unaweza kukataa kwa kupiga hatua kumi. Shabiki ana kazi ya kufanya. Akikaa kwa uvivu mahali palipopooza, anakuwa amelipa ushindi kundi lisilostahili.

Ndiyo maana mzee wangu aliwakasirikia wenye simu. Vijana wengi walikuwa wanarekodi video, na anayerekodi hasogei, anaogopa picha itatikisika. "Hao wanasimama kama nguzo," alisema, "ngoma ikifa hawajui." Ninamwelewa. Lakini picha hizo zinafika Geita na Kahama kwa watoto waliokwenda migodini, zinafika Dar es Salaam kwenye vibanda vya mama lishe, na kwa waimbaji wa Kisukuma wa leo ndizo zinazoleta mialiko ya harusi. Watu kama Gude Gude wana mashabiki kotekote kuliko na Wasukuma. Ninachotamani ni kwamba anayerekodi aulize jina la manju kabla ya kuondoka.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine zake za kunasa sauti, akafika na Usukumani. Kazi zake zinatunzwa Makhanda, Afrika Kusini. Gunderson naye mwaka 2010 alitoa kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, zaidi ya nyimbo 300, na ndani yake yumo Kalikali, manju wa wakulima ambaye wazee bado wanamtaja. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alijenga Bujora, makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968, na sikukuu ya Bulabo inakusanya makundi pale kila mwaka. Wageni na mapadre wamefanya sehemu yao. Sisi tunaozicheza nyimbo hizi kila jioni kwenye sabufa, ni wangapi tunajua nani kazitunga?

Jua lilipoinama hakukuwa na ubishi. Majembe walikuwa na watu wengi zaidi, si kwa mbali. Bayeye walimrudisha chatu kwenye gunia, manju wao akaja kumshika mkono mwenzake, na papo hapo wakaanza kupanga marudiano katika kijiji kingine, wakibishana nani atatoa ng'ombe.

Kwenye njia ya kutoka uwanjani kuna kijana ana meza, paneli ya sola, kompyuta ya zamani na sabufa. Anajaza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Nilimwomba za mbina za Maswa na Bariadi, akanionyesha orodha: wimbo wa kwanza, wimbo wa pili, sauti namba fulani, mbina kali, mbina kali mpya. Hakuna jina hata moja la mtu.

"Hizi ni za nani?" nikamuuliza.

"Shangazi, wateja hawaulizi. Wakisikia wanajua."

Nikavuta ndoo nikakaa. Nilimwambia afungue wa kwanza, na kila anayekuja kununua tumuulize. Alikubali kwa sababu hakukuwa na foleni, nadhani, kisha foleni ikaja na yeye ndiye akawa anauliza. Tukaandika jina la manju, kijiji, na kama ni wa Bagika au wa Bagalu. Nyimbo nyingine zilitambulika kwa pigo la kwanza. Mmoja ulitushinda: sauti ya mwanamume, hafifu, mbwa anabweka nyuma, mtu anakohoa.

Bibi mmoja aliyekuja kumjazia mwanawe kadi ya kumpelekea mgodini akainua mkono tunyamaze. Akasikiliza hadi mwisho wa ubeti.

"Huyu namjua," akasema. "Anavyovuta mwisho wa neno. Alioa kwa dada yangu." Akataja jina, akataja na kijiji, akasema alikuwa wa Bagalu.

"Bagika," mtu akadakia kutoka kwenye foleni. "Huyo alikuwa Mgika, bibi, nimecheza naye mwenyewe."

Bibi akaweka chini kikapu chake. Kijana akachomoa spika za masikioni, akachomeka sabufa, akaongeza sauti hadi mwisho, ili na waliokuwa wakifungua baiskeli zao chini ya miarobaini wasikie waje kutoa ushahidi.